Mama anatumia morfini ya maji nyumbani: usingizi mwingi, choo hakuna

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Wiki iliyopita tuliruhusiwa kurudi nyumbani Dodoma na chupa ya morfini ya maji, anywe mililita 5 kila baada ya saa 4. Maumivu yamepungua sana, ila siku mbili za kwanza alilala karibu muda wote, na leo ni siku ya tano hajapata choo. Kaka anasema dawa hii ni ndugu wa unga, mama atakuwa teja, kwa hiyo tumpe anapolia tu. Jirani naye ametuletea tramadoli na Valium za kumsaidia usiku. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Valium ya jirani usimpe. Morfini hupunguza kasi ya pumzi na Valium nayo hivyo hivyo. Zikikutana, mgonjwa anaweza kulala asiamke. Pombe ni vilevile. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na morfini, kwa hiyo iweke kando. Hata Piriton ya mafua, uliza kwanza. Parasetamoli aendelee nayo kama aliandikiwa.

Sasa choo, maana hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoteseka kimyakimya kwa kuona aibu kusema. Morfini huulegeza mwendo wa utumbo. Kichefuchefu na usingizi huisha kadiri mwili unavyoizoea dawa, lakini kufunga choo hakuishi maadamu anaitumia. Ndiyo maana anayeanza morfini huanzishiwa siku hiyo hiyo dawa ya kulainisha choo, mara nyingi bisakodili au sena. Kama hamkupewa, idaini. Papai na maji ya kutosha vinasaidia, ila peke yake havitoshi. Na usidanganyike akianza kutoa choo cha majimaji kidogo kidogo: huenda kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni. Dawa ya kuzuia kuhara hapo itamuumiza. Tumbo likivimba naye anatapika, usimpe cha kulainisha wala usingoje kesho, mpeleke hospitali, kwa sababu uvimbe wa saratani unaweza kuwa umeubana utumbo.

Usingizi wa siku mbili za mwanzo haunitishi. Mtu aliyekesha kwa maumivu wiki nzima ana deni kubwa la usingizi. Muite jina: akiamka, akakujibu, akanywa uji, huo ni usingizi tu. Mboni za macho kuwa ndogo nako ni kawaida kwa anayetumia morfini. Hatari ni pale unapomtikisa asiamke, au ukihesabu pumzi zake dakika nzima hazifiki 10, au midomo inageuka rangi ya bluu. Hapo dozi inayofuata usimpe. Mlaze kwa ubavu, mkimbizeni hospitali na chupa mkononi. Wanayo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morfini.

Kwa ugonjwa wa mama yako kuna jambo moja zaidi ningetaka ulishike. Saratani ya shingo ya kizazi inaweza kubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishindwa, mabaki ya morfini hayatoki, yanajazana mwilini, na kipimo kilichomfaa wiki iliyopita kinakuwa kikubwa mno. Ukiona mkojo unapungua, usingizi unarudi upya, mikono inashtuka-shtuka au anaongea vitu visivyoeleweka, wapigie waliomwandikia siku hiyo hiyo.

Kuhusu kaka yako, mwambie hofu yake naielewa, lakini kusubiri mama alie ni kumtesa. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo hutolewa kwa saa: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, na 4 usiku. Dozi hiyo ya usiku mara nyingi daktari huiongeza maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Waulize, usiongeze mwenyewe. Mwili wa mama utaizoea dawa, ndiyo, na mkiikata ghafla atapata arosto: jasho, kuhara, tumbo kukata. Huo si uteja. Teja anaitafuta dawa ingawa inambomoa. Mama yako anainywa ili aweze kukaa na kuongea na wanawe. Ikibidi kupunguza, daktari atapunguza taratibu.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Kila mkipewa chupa mpya soma lebo: ipo ya miligramu 5 katika mililita 5, na ipo ya miligramu 50 katika mililita 5 hizo hizo, mara 10 zaidi. Uganda dawa hizi hutiwa rangi tofauti ili zisichanganywe. Msitegemee macho, someni namba. Chupa ifungieni kabatini mbali na watoto, maana funda moja la mama linaweza kumuua mtoto mdogo. Itakayobaki rudisheni hospitali.

Leo, kabla ya dozi ya saa 12 jioni, wapigie kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya wagonjwa kama mama. Waambie siku tano hajapata choo, na uwatajie mkojo wa jana ulikuwa kiasi gani.