Bafa nimeongeza, mbona pakiti bado zinapotea?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimeandika kaprogramu ka C kwenye Linux kwa kutumia libpcap (maktaba ya kunasa pakiti), kanasoma pakiti za mtandao wa ofisini kwetu na kuandika nani anaongea na nani. Mchana kanaenda freshi tu, ila jioni bakapu ikianza kwenda seva ya pili ps_drop (hesabu ya pakiti zilizopotea kwa kukosa nafasi kwenye bafa) inapanda kama mita ya bodaboda. Nimefungua kwa pcap_open_live, chini yake nikaweka pcap_set_buffer_size (ukubwa wa bafa, yaani sehemu ya memori pakiti zinaposubiri kusomwa) ya megabaiti 64, lakini wapi! Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, na hongera kwa kuiangalia ps_drop maana wengi hawaigusi kabisa. Shida yako iko kwenye mpangilio. pcap_open_live ikishamaliza kazi yake mlango umeshafunguliwa na bafa imeshatengewa ukubwa wake, kwa hiyo hiyo pcap_set_buffer_size yako ilikuja imechelewa, na ilikwambia kabisa, ilirudisha -4 yaani PCAP_ERROR_ACTIVATED, sema hukuipokea popote. Achana na pcap_open_live. Anza na pcap_create, halafu weka snaplen (baiti ngapi za kila pakiti zinaswe), promisc (kunasa hata pakiti zisizokuhusu), timeout (muda wa kusubiri kabla ya kukukabidhi pakiti; usiisahau hii, mimi naweka milisekunde 100), halafu ndo bafa, mwisho kabisa pcap_activate, na kila moja angalia imerudisha nini. Saizi inaandikwa kwa baiti, kwa hiyo 64 yako ni 67108864. Usichanganye na -B ya tcpdump (programu ya kunasa pakiti kwa amri), ile inahesabu kwa kilobaiti.

Sasa kwa nini jioni tu? Kwenye Linux usipogusa kitu unapewa bafa ya megabaiti 2. Laini ya gigabiti 1 ikijaa inaleta kama megabaiti 125 kwa sekunde, yaani bafa yako inajaa ndani ya milisekunde 17 hivi, programu ikizubaa kidogo tu imekwisha. Ukiweka 64 unapata kama nusu sekunde ya kupumua.

Lakini nusu sekunde ni nusu sekunde. Umesema unaandika nani anaongea na nani, nahisi humo ndani ya kolibaki (fanksheni yako inayoitwa kila pakiti ikifika) unatafuta jina la kila IP kwa DNS, na kama ni hivyo hata ukiweka gigabaiti nzima itajaa tu, maana swali moja la DNS linaweza kukuchelewesha milisekunde kadhaa na wakati huo pakiti zinamiminika. Andika IP peke yake, majina utatafuta baadaye kwenye faili. Na kama bakapu yenyewe haikuhusu, ikate kwa pcap_setfilter, kerneli (kiini cha Linux) itaitupa kabla haijaingia kwenye bafa.

Ukimaliza tazama na ps_ifdrop, hesabu ya pakiti zilizodondoshwa na kadi ya mtandao au draiva yake. Hiyo ikipanda huku ps_drop imetulia, ujue pakiti zinadondokea kwenye kadi ya mtandao yenyewe, hapo bafa ya libpcap haihusiki, piga ethtool -g uone ringi ya kadi (foleni yake ya kupokelea pakiti) imewekwa ngapi na mwisho wake ni ngapi.