Mafunzo ya Programu kwa Watumishi wa Utafiti Yaanzie kwenye Daftari la Mwaloni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha watumishi wa utafiti hapa Kigoma kuandika programu za kompyuta, wengi wao wakiwa watu wa samaki, wa michikichi na wa misitu. Ninayoyaandika hapa yanawahusu hasa wale wanaoandaa mafunzo ya namna hiyo katika vituo vya mikoani. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba mtumishi afundishwe kwa takwimu alizokusanya yeye mwenyewe, tangu saa ya kwanza, zikiwa na uchafu wake wote.

Kozi nyingi za R, lugha ya kuandikia programu za kuchambua takwimu, huanza na jedwali la maua ya airisi, kwa sababu jedwali hilo huja ndani ya programu yenyewe. Lina maua 150 ya aina tatu, hamsini kwa kila aina, na lilipata umaarufu baada ya mwanatakwimu Ronald Fisher kulitumia katika makala yake ya mwaka 1936. Ni jedwali safi kabisa: hakuna kisanduku kilichoachwa wazi, hakuna jina lililoandikwa kwa namna mbili, hakuna tarehe. Mshiriki huchora grafu nzuri, hufurahi, hupewa cheti, kisha Jumatatu hurudi ofisini na kukuta faili lake la mavuno ya samaki halifanani hata kidogo na yale maua. Baada ya wiki mbili amesharudi kuhesabu kwa mkono. Sioni sababu ya kumlaumu, kwani kazi aliyofundishwa siyo kazi anayoifanya.

Chukua takwimu za uvuvi kama zinavyotoka kwenye mwalo, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, wa Kibirizi au Katonga. Mkusanya takwimu husimama pale alfajiri mitumbwi inaporudi, anaandika aina ya samaki, idadi ya vyombo, uzito na tarehe, na baadaye mtu mwingine anayaingiza hayo kwenye kompyuta. Njiani humo "dagaa" anakuwa "Dagaa", au "dagaa" mwenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni, na kwa R hao ni samaki watatu tofauti. Uzito mahali pengine umeandikwa kwa kilo, mahali pengine kwa beseni. Tarehe ndizo zenye madhara zaidi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani husoma 3/4 kuwa tarehe nne Machi, lakini ikifika 13/4 inashindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Matokeo yake ni kwamba siku kumi na mbili za mwanzo za Aprili hutawanyika katika miezi yote ya mwaka, na zilizobaki hazihesabiki kabisa. Mtu akiliona jambo hilo likitokea kwenye faili lake mwenyewe, hahitaji kushawishiwa kwamba programu ya mistari kumi ya kusafisha tarehe ina thamani.

Hata hivyo, somo ambalo sikubali kamwe kuliruka ni tofauti kati ya sifuri na kisanduku kitupu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena samaki kama usiku wa giza. Kwa hiyo daftari lina siku ambazo chombo kilitoka na kurudi bila kitu, na siku ambazo hakikutoka kabisa. Ya kwanza ni sifuri ya kweli, ya pili si sifuri. Tuseme katika mwezi wa siku thelathini wavuvi walitoka usiku ishirini na kupata kilo 8,000. Wastani wa usiku mmoja wa kuvua ni kilo 400. Aliyeingiza takwimu akijaza sifuri kwenye zile siku kumi za mapumziko, wastani unashuka hadi kama kilo 267, na mtu wa mbali anayesoma taarifa ataamini kwamba samaki wamepungua kwa theluthi moja. Lipo pia suala la miezi mitatu ya mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, serikali ilipofunga uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Sifuri zikijazwa katika kipindi hicho zitaharibu kila mchoro wa mwenendo utakaotengenezwa kwa miaka mingi ijayo.

R ina alama yake ya thamani isiyokuwepo, NA, na ukiitaka ikupe wastani wa safu yenye NA hata moja, inakataa na kukurudishia NA mpaka uiambie waziwazi kwamba unataka zirukwe. Wanafunzi hukasirishwa na ukaidi huo siku ya kwanza. Mimi naupenda sana, kwa sababu unamlazimisha mtafiti kuamua jambo ambalo Excel ingelipitia kimya kimya.

Lakini nani anajua kisanduku fulani kiliachwa wazi kwa nini? Mara nyingi si mtafiti mwenye shahada, ni yule aliyesimama mwaloni. Katika darasa moja tulikuwa tukibishana kuhusu mfululizo wa sifuri, na mama mmoja mkusanya takwimu, aliyekuwa amealikwa ili tu asikilize, akasema, "Hiyo si sifuri, Dokta. Hapo ni mbalamwezi, hakuna aliyeenda." Tangu hapo siandai mafunzo bila kuwakalisha wakusanya takwimu na wasaidizi wa maabara pamoja na watafiti, wawili wawili kwenye kompyuta moja, na huyo wa mwaloni ndiye anayeshika kibodi. Wakubwa wengine hawaupendi utaratibu huu mwanzoni. Usiuache.

Kuhusu lugha, chagua moja na ubaki nayo. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, inawafaa wanaoshughulika zaidi na takwimu. Python ya Guido van Rossum inafaa kwa kazi pana zaidi. Zote ni za bure, na kwa kituo kisicho na fungu la kulipia leseni kila mwaka hilo si jambo dogo. Kigezo changu ni kuuliza lugha gani inajulikana na mtu mwingine ndani ya jengo hilo hilo, atakayeulizwa swali mwalimu akishaondoka.

Maandalizi ya vifaa hayana maelezo mengi: shusha programu na vifurushi vyake vya ziada kabla ya mafunzo, viweke kwenye flashi kadhaa, na uvijaribu kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti. Watu ishirini wakishusha faili kwa wakati mmoja kwa bando la simu, asubuhi nzima imekwenda.

Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, ni kizuri, ila kiache kwanza. Kwa wiki za mwanzo inatosha mtu awe na folda ya takwimu ghafi asiyoigusa, folda ya programu na folda ya matokeo. Muda unaookoa hapo utumie kuwafundisha kusoma ujumbe wa kosa. Watumishi wengi wakiona maandishi mekundu ya Kiingereza hufunga dirisha, ilhali ujumbe huo mara nyingi hutaja jina lililokosewa au mstari wenye tatizo. Mimi huwapa programu zenye makosa niliyoyapanda makusudi, wayatafute.

Mkuu wa kituo akiuliza kwa nini Excel haitoshi, mweleze yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, ambapo karibu wagonjwa 16,000 wa UVIKO-19 walikosekana kwenye hesabu kwa muda kwa sababu faili la Excel la mfumo wa zamani halipokei zaidi ya mistari 65,536. Kisha muombe mambo mawili. La kwanza, saa mbili za kila wiki ambazo mshiriki haitwi kikaoni wala hatumwi safari, kwa muda usiopungua miezi mitatu baada ya mafunzo. La pili, kila taarifa ya robo mwaka iambatane na programu iliyoitengeneza, na mtumishi wa pili aiendeshe kwenye kompyuta yake na kupata namba zile zile kabla taarifa haijaondoka Kigoma.