Lambo linavuja chini ya tuta, tuzibe na zege?

Swali: Shikamoo injinia. Lambo letu la kunyweshea ng'ombe lina tuta la udongo mita 5 hivi kwenda juu, sasa upande wa nje kule chini pamelowa na maji yanatoka kama kachemchemi. Fundi anasema tumwage zege. Au tufungulie maji yote?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Zege hapana, tafadhali sana. Maji yakishaingia ndani ya tuta lazima yapate pa kutokea, ukiyazibia mlango yanapanda humo humo ndani, udongo unalainika na siku moja upande wote wa nje unateleza.

Kuvuja kidogo ni kawaida ya tuta la udongo, kinachonitisha mimi ni maji kutoka na udongo wake. Chota kwenye chupa ya plastiki, iache itulie nusu saa, ukiona tope limekaa chini ujue tuta linaliwa kwa ndani. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, mita 93, ndo lilikuwa linajazwa mara ya kwanza, tarehe 5 Juni 1976 asubuhi wakaona maji ya tope wakapeleka buldoza mbili zisukume udongo kuziba, zote zikamezwa na kabla ya saa sita mchana bwawa likavunjika, watu 11 wakafa.

Kwa hiyo kama maji ni meupe, hayana tope, mwaga mchanga msafi wa mtoni pale palipolowa, juu yake kokoto ndogo, halafu mawe, maji yatapita ila udongo utabaki. Kila siku kinga na ndoo ya lita 10, pima na simu inajaa kwa dakika ngapi, andika na kimo cha maji ya lambo. Ndoo ikianza kujaa haraka wakati lambo halijapanda, hapo kuna shida.

Kufungulia yote kwa mpigo nako kubaya, maji ya lambo ndo yanaegemea tuta kwa ndani, yakiondoka ghafla na udongo bado umelowa linaporomokea ndani, shusha taratibu. Ila maji yakiwa ya tope usisubiri ushauri wangu, toa watu na mifugo walioko bondeni kwanza, waambie serikali ya kijiji na ofisi ya bonde, ile inayosimamia maji ya mito ya eneo lenu, na maji yaanze kushushwa siku hiyo hiyo.

Tembea pia juu ya tuta uangalie kama kuna ufa unaofuata urefu wake, ukiuona weka rula pembeni upige picha unitumie leo.