Jibu: Msumari haukuwa na kutu, je, nichome sindano ya pepopunda?

Ndugu, umesema ulikanyaga msumari juzi, damu ilitoka kidogo, tundu limeshafunga na msumari wenyewe haukuwa na kutu. Kutu haileti pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, vumbi na samadi, na msumari mpya unaong'aa unaweza kuvibeba vilevile. Tena hilo tundu dogo lililofunga ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Vijidudu hivi hustawi pasipo na hewa, na kidonda chembamba kinachoingia ndani huziba juu huku uchafu ukibaki chini. Damu kidogo maana yake hata hakikujisafisha.

Kioshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Usikichokonoe, wala usikizibe kwa gundi au majivu (bado kuna watu wanashauri hivyo!). Kama kipande cha kandambili au soksi kimebaki ndani, kitolewe na mhudumu wa afya.

Kuhusu sindano: kwa kidonda kama hiki, ukiwa umemaliza chanjo zako na ya mwisho imepita miaka 5, unachomwa ya kuongezea nguvu. Kama hukumbuki, au hukufikisha dozi 3, waambie wazi, kwa sababu utahitaji pia sindano ya kingamwili (kinga iliyo tayari, inayofanya kazi mara moja). Siku mbili si kuchelewa, nenda leo. Dalili nyingi huanza kati ya siku 3 na 21. Taya likianza kukaza au kumeza kukawa shida, kimbilia hospitali hata kama ni usiku.