Gemu limegoma kwenye 2147483647, kisa ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anacheza gemu la shamba kwenye simu, hela zake zimefika 2147483647 na haziongezeki tena hata auze nini. Jirani yetu yuko chuo anasema hiyo ni namba tasa, haigawanyiki, ndo maana gemu limekwama hapo. Ni kweli au anatupanga? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Jirani kapatia nusu. Namba ni tasa kweli, ila simu haina habari na utasa wake. Inavyoonekana hilo gemu linatunza hela kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, nafasi moja inaliwa na alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, zote zikijaa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 31 ukatoa 1, ndo hiyo 2147483647, na walioandika programu wakaweka breki hapo maana bila breki hela zingeweza kugeuka hasi ghafla, dogo akalia.

Sasa utasa wenyewe, hapa ndo patamu. Aliyeuthibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772, yuko Saint Petersburg kule Urusi, macho karibu yamezima. Kwa njia ya kawaida ungeigawa kwa kila namba tasa hadi 46340 (ukivuka hapo, namba ikizidishwa kwa yenyewe inaipita 2147483647, hakuna haja ya kuendelea), na hizo zinapita 4,700! Euler akaonyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, basi. Hapo wanaobaki kupimwa hawafiki 400, na wengi wanatoka bila jasho: 63 sio tasa, 249 ni 3 × 83, wa kwanza kustahili ni 311, igawe uone, inaingia mara 6905092 inabaki 35. Haikuingia. Ukienda hivyo hadi mwisho hakuna hata mmoja anayeingia.

Na msidhani ni kwa sababu 31 nayo ni tasa, maana 11 ni tasa pia lakini 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Kwahiyo mwambieni jirani hivi: gemu la biti 16 lingegoma kwenye 32767, ambayo ni 7 × 4681, na la biti 64 linagoma kwenye 9223372036854775807, nayo inagawanyika kwa 7 vizuri tu. Breki zipo palepale, utasa haupo. Ya biti 32 kuwa tasa ni bahati tu.

Dogo yeye atumie hela, anunue hata ng'ombe wawili watatu wa humo humo kwenye gemu, salio likishuka litaanza kupanda tena.