Samaki wazima, kamba wanakufa

SWALI: Tangi langu la matumbawe ni la lita 200. Kamba na konokono wanakufa mmoja mmoja, samaki wanakula vizuri, amonia (sumu itokanayo na taka za samaki) sifuri. Tatizo nini?

JIBU: Shuku shaba kwanza. Kiasi anachokivumilia samaki humuua kamba. Kama uliwahi kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki kwa dawa ya shaba humo humo tangini (kosa la wengi), mawe na mchanga viliinyonya na sasa vinaiachia polepole. Kagua pia kama viungo vya mabomba vina shaba. Pima shaba, itakiwayo ni sifuri. Ikionekana, badilisha lita 50 kwa maji ya osmosisi (yaliyochujwa madini yote), yenye chumvi ya bahari gramu 35 kwa lita, weka kichujio cha kunasa metali. Mawe yaliyonyonya dawa, tupa.