Muuaji Ajulikane Kabla ya Sehemu ya Kwanza

Swali la wiki hii: "Hadithi ya mfululizo inamjenga mtunzi au inamharibu?" Mimi natunga riwaya za upelelezi, nazichapisha na kuziuza mwenyewe hapa Morogoro, na wasomaji wangu wengi hunisoma kwenye simu, kipande kwa kipande. Jibu langu ni kwamba mfululizo humlisha mtunzi wa upelelezi, ila humharibia kazi akianza kutuma kitu ambacho hajakimaliza.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayotusukuma. Kitabu cha karatasi kinataka mtaji wote kwa mkupuo. Kuna wa kupanga kurasa, wa kuchora jalada, kuna kiwanda cha chapa, halafu maboksi yanakaa chumbani yakisubiri wanunuzi na basi la kuyapeleka mikoani. Simulizi ya simu huanza kulipa wiki ileile. Msomaji anatuma pesa, anaingizwa kwenye kundi, jioni anapata sehemu yake. Kwa asiye na mchapishaji, hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Simlaumu anayeishi hivyo, nami naishi hivyo.

Shida iko kwenye aina ya hadithi. Simulizi ya mapenzi inaweza kukua huku inatumwa. Wasomaji wakimpenda yule dereva wa bodaboda, mtunzi anampa nafasi zaidi na hakuna kinachoharibika. Upelelezi haukubali hivyo. Kama muuaji ni shemeji, kikombe alichokiosha usiku ule lazima kionekane tangu sehemu ya pili, kimekaa na vyombo vingine, kimetajwa kwa kupita tu. Ukifika sehemu ya ishirini ndipo ukaamua kuwa ni shemeji, kikombe hakipo, na sehemu ya pili iko tayari mikononi mwa watu. Hapo ndipo huzuka mambo yanayowachosha wasomaji wetu: pacha ambaye hakuwahi kutajwa, barua ya kukiri iliyookotwa chini ya godoro, au mpelelezi anayemtaja mhalifu bila kutueleza amejuaje.

Kuna na jambo linaloniuma zaidi. Wasomaji hubashiri, na wengine hubashiri vizuri sana. Mtunzi ambaye bado anatafuta mwisho akiona jina la muuaji limeshatajwa, hushawishika kumbadilisha ili awashangaze. Naona huo ni usaliti. Aliyebashiri sawasawa amesoma kwa makini, amekikumbuka kikombe, na anastahili kukuta kwamba alikuwa sahihi.

Charles Dickens, mwandishi mkubwa wa Uingereza, alianza kutoa The Mystery of Edwin Drood mwaka 1870, sehemu moja kila mwezi. Zilipangwa sehemu 12. Alifariki Juni mwaka huohuo akiwa ameandika 6, na hadi leo watu wanabishana kama Edwin aliuawa kweli. Huenda jibu lilikuwa kamili kichwani mwake, lakini wasomaji hawakulipata. Humkumbuka kila ninapoulizwa simulizi fulani ya mtunzi fulani iliishia wapi, na najua haikuishia popote.

Waliotutangulia hawakuwa na njia hii ya mkato. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipeleka mswada wake wa riwaya ya upelelezi kwenye shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, akashinda, na Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960. Baadaye watunzi wenzake wa upelelezi, Ben Mtobwa na Elvis Musiba, walikwenda mbali zaidi, wakaanzisha kampuni zao za uchapishaji, Heko na Continental. Kwa hiyo kujitegemea hakukuja na simu. Ila mtambo wa chapa ulimlazimisha mtu amalize kwanza. Simu haimlazimishi, basi ajilazimishe mwenyewe.

Mimi huanza na daftari lenye safu tatu: saa ngapi, nani alikuwa wapi, nani anajua nini. Safu ya tatu ndiyo inayonikesha. Zamani mpiga simu asiyejulikana alikuwa kitu chepesi katika riwaya. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, mhalifu wangu hawezi kupiga tu na kukata. Lazima nijue laini ile ni ya nani. Labda ni ya marehemu, labda ni ya mama muuza mboga aliyeambiwa na wakala "weka tena kidole, haijasoma", kumbe anasajiliwa laini ya pili. Nikilijua hilo mapema, yule mama anapita sokoni sehemu ya tatu akilalamika, na hakuna anayemjali. Nikilikumbuka baadaye, ni tundu.

Mswada ukiisha nampa dada yangu mkubwa. Kila sura inapokwisha namwomba aandike pembeni jina la anayemshuku. Akimtaja muuaji mapema mno, narudi kupunguza. Akimaliza bila kumshuku hata mara moja, narudi kuongeza, kwa sababu hapo nitakuwa nimemficha kwa kumnyima msomaji haki yake.

Mtaniuliza, na wakati huo mtu anakula nini? Riwaya ya kwanza ni ngumu, haina dawa, inataka kazi nyingine ya kukushika. Kuanzia ya pili mambo hupata mpangilio: iliyokamilika inatumwa, inayofuata inaandikwa. Mswada kamili una faida nyingine pia. Unaweza kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujatuma hata sehemu moja, na siku ukikuta kazi yako inazunguka kwenye kundi la mtu mwingine, jina lako limefutwa, una cha kuonyesha.

Kwa wasomaji wenzangu nina ombi. Kabla hamjalipia sehemu ya kwanza, mwulizeni mtunzi kama hadithi imekwisha na ina sehemu ngapi. Swali hilo halimkosei heshima. Tukianza kuulizwa na wengi, wengi wetu tutamaliza.

Mtunzi na msomaji wenu, Morogoro